Tumeenda mpaka Kigoma kula mgebuka siku ya miaka 15 ya ndoa, tukakuta ziwa limefungwa

#1 Mgosi_wa_Dodoma

Wakuu, salaam.

Bandiko ni refu. Wale wa "mkuu weka kwa kifupi" leo wakae pembeni.

Mimi na mama Salma tulifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 20 Juni 2009. Tulialika watu 150, waliokuja Mungu ndiye anajua. Pilau liliisha maharusi tukiwa bado tumekaa juu kule tunapigwa picha. Usiku tumefika kwenye chumba chetu cha kupanga, Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, njaa inauma, zawadi zimejaa mpaka mlangoni: masufuria, vitenge, chupa za chai sita (sita!), na hakuna hata kipande cha mkate.

Mama Salma na hina zake mikononi akaanza kupekua mafurushi. Akakuta kifuko kimefungwa kwa kamba ya katani, ndani dagaa. Kilitoka kwa mzee jirani, mstaafu wa reli, ambaye nadhani hakuwa na hela ya sufuria. Dagaa wa Kigoma, weupe, hawana hata chembe ya mchanga. Tukawasha jiko la mchina, tukasonga ugali, tukala saa saba za usiku mimi nimevaa suruali ya suti na fulana ya ndani. Mpaka leo sijala chakula kikanikaa mwilini kama kile.

Nikiwa nimeshiba nikaropoka: "Tukijaaliwa nitakupeleka wanakotoka hawa, ukamle na kaka yao mgebuka, mbichi, katoka majini sasa hivi." Maneno ya bwana harusi mnayajua.

Ikapita miaka. Ada, mabati, homa za watoto. Mwaka jana jioni moja mama Salma yuko uani anachambua dagaa wa Mwanza, anapepeta mchanga, akaniuliza bila hata kuniangalia: "Baba Salma, wale wenzao wa Kigoma wanaendeleaje?"

Nikajua deni limeiva.

Basi mwaka huu wa 2024 Idd ya kuchinja tumekula nyumbani, watoto tukawaacha kwa bibi yao, kesho yake asubuhi tukapanda treni hapa Dodoma. Kwa mwenye haraka, panda basi. Kwa mwenye mke na siku mbili mkononi, panda treni, kwa sababu reli ya kati ni meza ndefu ya chakula. Saranda mchana: behewa halijatulia vizuri mabeseni yako dirishani, kuku wa kienyeji wa kukaanga, mgumu kiasi chake, chumvi na pilipili pembeni. Nikachukua mzima. Mama Salma akasema huu ndio mwanzo wa sherehe, tusisubiri tarehe. Tabora tumefika giza limeingia, tukanunua asali chupa mbili, ile nyeusi yenye ladha ya moshi. Mimi nikalala. Nilipoamka nje pako kijani namna ambayo mtu wa Dodoma anafikiri anaota, na michikichi imeanza kuonekana.

Kigoma, mwisho wa reli. Tarehe 19 asubuhi tukashuka. Nikaoga, nikamfuata dada wa mapokezi pale nyumba ya wageni, nikamuuliza kwa kujiamini: "Dada, kesho nina shughuli yangu ndogo na mama. Wapi nitapata mgebuka mzuri, mbichi?"

Akanitazama kwa huruma. "Baba, ziwa limefungwa."

Limefungwaje? Ziwa lina mlango?

Naendelea, simu inazima.

#2 Kiti_cha_Nyuma

Nimeweka kambi hapa. Naomba chai na asali ya Tabora.

#3 Prof_Mtaani

Hii tabia ya kusherehekea ndoa kila mwaka tumeiga tu. Babu yangu alikaa na bibi miaka 52, hakuna siku aliyokatiwa keki wala kupandishwa treni. Hela hiyo ungeongeza kiwanja.

#4 mama_wa_wanne

@Prof_Mtaani bibi yako uliwahi kumuuliza kama alitaka kupandishwa treni?

#5 Mgosi_wa_Dodoma

@Prof_Mtaani kiwanja ninacho, mzee. Kinaota mbigili.

Naendelea. Kumbe mwaka huu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 uvuvi Ziwa Tanganyika umesimamishwa. Ni makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, kwamba miezi mitatu dagaa na migebuka waachwe wazaliane. Redioni ilitangazwa, magazetini iliandikwa. Mimi mtu wa Dodoma ya ziwa nasikiliza nini? Mpira.

Sikuamini. Tukachukua bajaji mpaka mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi imepandishwa mchangani imepangwa kama viatu mlangoni mwa msikiti. Taa zao za kuvulia zimefungwa kwenye viroba. Vijana wanashona nyavu. Nyuma yao ziwa limetulia, bluu, na huko ng'ambo milima ya Kongo inaonekana kwa mbali. Uzuri ule ulinikera. Mama Salma anapiga picha, mimi nimenuna kama niliyedhulumiwa.

Jioni nikajaribu bahati ya mwisho, hoteli moja ya kilimani. Mgebuka? Hakuna. Kuna sato wa friji na chipsi. Sikusafiri karibu kilomita 800 za reli kula sato na chipsi. Tukanywa soda tukarudi kulala. Nilimwambia mama Salma "nisamehe", akasema "kwani wewe ndiye uliyelifunga?"

Tarehe 20 yenyewe tukatoka kwa miguu mpaka soko la Mwanga. Upande wa mama ntilie tukakaa kwenye benchi, nikaagiza wali maharage, nimeshakata tamaa. Mama Salma akasikia harufu. Akasimama. Akaenda jikoni kwa watu bila kukaribishwa, nikasikia wanacheka huko ndani, na hakurudi kwa nusu saa.

Alichokiona ni hiki, na namnukuu maana mimi nilikuwa benchini. Yule mama ana dagaa wakavu, akiba ya kabla ziwa halijafungwa. Hawalowanishi saa nzima kama tunavyofanya sisi. Maji ya vuguvugu, mara moja, anawachuja. Mawese yanapata moto taratibu mpaka ile harufu yake ya ubichi inaondoka, ila hayaachwi yakaungua na kupoteza wekundu. Kitunguu kingi, nyanya, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, kisha dagaa, na maji kidogo sana. Kando kuna sufuria ya kisamvu, nacho kimeungwa kwa mawese, wenyewe wanaita sombe. Ugali ni wa muhogo, amechanganya na unga wa mahindi kidogo "kwa ajili ya wageni", maana wa muhogo mtupu unavutika na mgeni anahangaika nao.

Bei ya dagaa ilikuwa imepanda hadi yule mama mwenyewe alikuwa anaitaja kwa sauti ya chini.

Sahani zikaja. Mama Salma kumbe ameshasema yote huko jikoni: miaka 15, pilau lililoisha, dagaa wa saa saba za usiku. Yule mama akasimama mbele ya benchi, mwiko mkononi, akatangaza: "Haya, bwana harusi amlishe bibi harusi!" Wabeba mizigo, mafundi baiskeli, wanafunzi, wote wameacha kula wanatutazama. Nikamega tonge, nikachovya, nikamlisha. Ugali wa muhogo ukavutika kutoka kinywani kwake mpaka mkononi mwangu kama jibini ya pitsa, mawese yakamchuruzikia kwenye gauni. Gauni jeupe. Vigelegele soko zima.

Nilikula sahani mbili na ya tatu tukagawana.

#6 Kiti_cha_Nyuma

Mkuu, kwa hiyo umesafiri siku nzima na usiku wake kwenda kula kile kile ulichokula usiku wa harusi.

#7 Mgosi_wa_Dodoma

@Kiti_cha_Nyuma ndiyo, na mama Salma aliligundua hilo kabla yangu. Aliniambia tukiwa njiani kwenda Ujiji, kwenye bajaji, nikacheka mpaka dereva akasimamisha.

#8 binti_mwanga

Karibuni tena Kigoma. Mwakeye!

Mleta mada, mimi ni mzaliwa wa hapa na nimecheka kwa sababu moja. Wewe unailaumu Mei 15, lakini hata ziwa lingekuwa wazi, siku yenu ilikuwa mbovu vile vile. Idd mmekula lini? Hiyo ilikuwa siku ya 10 ya mwezi wa Kiislamu. Tarehe 20 Juni ni siku ya 13 au 14, mbalamwezi imejaa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa ikiwaka wanapanda juu kuifuata, na mgebuka anapanda nyuma yao kwa kuwa dagaa ndio chakula chake. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga uko kila mahali, dagaa wanatawanyika, wavuvi wengi wanapumzika na kutengeneza nyavu. Siku hizo sokoni wabichi ni wachache na bei inapanda.

Kwetu mtu akisema anakuja kula samaki, swali la kwanza ni mwezi uko wapi. Hoteli inafuata baadaye.

#9 Mgosi_wa_Dodoma

@binti_mwanga yaani nilikosea mara mbili kwa safari moja. Sawa.

#10 Buyenzi_257

Salamu toka Bujumbura. Mgebuka huyo huyo sisi huku tunamwita mukeke, na dagaa ni ndagala. Ziwa ni moja, samaki ni mmoja, jina tu ndilo linavuka mpaka. Na huku pia kumefungwa. Mukeke wa kuchoma na ndizi za kukaanga ndicho chakula cha kumfurahisha mke hapa Buja, lakini msimu huu wanaume wengi tumebaki na brosheti, yaani mishikaki.

Ndugu yangu, siku nyingine fika Kigoma, kisha uendelee mpaka kwetu.

#11 Mwana_wa_Katonga

Sitaki kuharibu furaha ya mtu, na hongera kwa miaka 15. Lakini mnavyoandika "ziwa limefungwa" mnacheka, wengine ndio tumefungiwa jikoni. Baba ana mtumbwi mmoja na vijana watano nyuma yake. Mei mpaka Agosti hao vijana wanabeba tofali. Mama yangu ni mwanikaji. Anakodi chanja na hapa katikati hana cha kuanika. Tunaelewa sababu, samaki walikuwa wamepungua kweli, hata baba anakubali kwamba zamani hawakwenda mbali hivi. Ila miezi mitatu ni mirefu ukiwa na watoto wa shule.

Na huyo mama ntilie wa dagaa wa akiba: aliwahifadhi kwa hesabu, na kila sahani anayouza Juni akiba inapungua. Sahani yako ya tatu ilikuwa zawadi, mkuu, hata kama ulilipa.

#12 Mgosi_wa_Dodoma

@Mwana_wa_Katonga nimekusoma mara mbili. Hilo sikulifikiria nikiwa pale. Nilidhani nimenyimwa mgebuka, kumbe kuna aliyenyimwa mshahara. Msalimie mzee.

#13 mama_wa_wanne

Nami niongeze langu, maana kuna aliyesema sherehe za ndoa ni kuiga.

Machi mwaka huu mimi na baba watoto tumetimiza 10. Wachaga wa Moshi sisi, tukaenda Unguja kwa mara ya kwanza, tumepania pweza na biriani. Hatukuangalia kalenda. Tumeshuka bandarini saa sita mchana, jua kali, Mfungo wa Ramadhani. Migahawa imefungwa, barabarani huwezi hata kunywa maji ukawa na amani. Mume wangu akaniangalia, nikamwangalia.

Tulipanga chumba kwenye nyumba ya familia. Mama mwenye nyumba alipojua ni siku yetu hakutuuliza dini. Alasiri akaniita jikoni nikakuna nazi, nikamenya mihogo. Magharibi adhana imelia, tende kwanza, uji, kisha likaja sinia: mihogo ya nazi, tambi, samaki wa kupaka, ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi na iliki. Tumekaa chini mkekani na watoto wa watu. Mume wangu, ambaye kwao ndizi ni chakula cha chumvi na nyama, alikula zile za sukari kimya kimya akaongeza.

Pweza tulimpata kesho yake usiku Forodhani. Simkumbuki sana.

#14 Prof_Mtaani

Hayo ya futari nimeyaelewa. Hayo ya treni bado.

#15 Chikichi_OG

Kigoma oyee. Watu wanajua kwamba Malaysia walichukua mbegu za michikichi hapa kwetu? Leo wao wanauza mafuta dunia nzima, sisi tunanunua kwao.

#16 Mzee_wa_Kumbukumbu

@Chikichi_OG hii inasemwa kila mwaka. Michikichi mingi ya Malaysia na Indonesia uzao wake unarudi kwenye miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Mti wenyewe asili yake ni Afrika, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 1848 reli ya Kigoma ilikuwa haijaota hata kwenye ramani, imefika 1914. Utafiti wa michikichi tunao hapo hapo Kihinga, mkoani Kigoma, mbegu bora zinazalishwa. Tulime, hadithi ya wizi haitoi mafuta.

#17 Chikichi_OG

Mzee umeniharibia hadithi ya baa.

#18 dada_wa_Lushoto

Mgosi, mawese ulibeba? Nilinunua chupa stendi Dar, nilipofika Lushoto yakaganda nusu nzima, chini mazito ya njano, juu mekundu. Nikajua nimeuziwa yaliyochakachuliwa, nikamwaga.

#19 binti_mwanga

@dada_wa_Lushoto ulimwaga mali! Baridi ikipiga ndivyo yanavyofanya, yanajigawa. Unaiweka chupa juani au kwenye maji ya moto yanarudi. Ya kuogopa ni yale yenye harufu ya uchachu inayokwaruza koo.

#20 Mgosi_wa_Dodoma

Nilibeba lita tano kwenye galoni, kifuniko nimefunga na nailoni mara tatu, juu nikaviringisha kanga. Yamefika salama. Kilichopata mawese ni lile gauni tu. Mama Salma amelifua mara nne na doa limegeuka rangi ya chungwa, limekaa hapo kifuani kama nishani. Nilisema nimnunulie lingine, hataki. Amelivaa tena Jumapili kwenye kikao cha vikoba ili aulizwe.

Mlioniuliza inbox kuhusu gharama: chakula hakikula hela kabisa. Kilichokula ni malazi na tiketi. Usichague nyumba ya wageni kwa sababu ya chakula chake, tembea sokoni. Na mkifika Ujiji kwenye makumbusho, pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, kuna miembe inayosemekana ni uzao wa ule wa zamani. Kivuli chake ni kizuri kwa watu walioshiba ugali wa muhogo. Mimi nililala. Mke wangu ana picha.

Halafu kuna sahihisho. Mama Salma amesoma uzi huu jana usiku na anadai nimejipendelea. Sikununa "kama niliyedhulumiwa". Anasema nilikaa juu ya mtumbwi wa watu Kibirizi nimeshika tama dakika arobaini, hadi kijana mmoja akaja kumuuliza kama mzee wake amefiwa. Nimekubali kuliandika.

#21 Kiti_cha_Nyuma

Kijana wa nyavu kamaliza uzi.

Sasa mkuu, deni la mgebuka mbichi limefutwa au?

#22 Mgosi_wa_Dodoma

Halijafutwa, limeahirishwa. @binti_mwanga nisaidie dada yangu. Likifunguliwa Agosti 15, tuje tarehe 16?

#23 binti_mwanga

Usije tarehe 16. Mwezi mpevu ni Agosti 19, utakuta watu wana hamu ya kuvua na mwanga umejaa. Subiri giza. Mwezi unaandama karibu na Septemba 3, siku chache kabla na siku chache baada ya hapo ndio dagaa wanashuka mwaloni alfajiri wakiwa bado wanang'aa. Njoo Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi, siyo saa nne kama watalii. Mgebuka atachomwa hapo hapo, nitakuonyesha mama mmoja.

#24 Mwana_wa_Katonga

Au pita Katonga. Mtumbwi wa mzee utakuwa majini.

#25 Mgosi_wa_Dodoma

Katonga basi, nimesema mbele ya mashahidi. Nimemwambia mama Salma kwamba Septemba 3 siyo tarehe yetu ya ndoa. Amejibu kwamba mgebuka hajawahi kukiona cheti chetu. Kalenda ya ukutani ameshaizungushia kalamu nyekundu.

#26 binti_mwanga

Mkija leteni zabibu za Dodoma. Septemba zinakuwepo?

#27 Mgosi_wa_Dodoma

Zipo. Naleta kreti nzima, nusu yako, nusu ya yule mama wa Mwanga.